KUWARUDISHA KUNDINI KUKU WALIOPONA: SOMO KUTOKA KARAGWE NA KYERWA

Ugonjwa wa kuambukiza unapokwisha kupita katika banda la kuku, mfugaji hubakiwa na makundi mawili: wale ambao hawakuugua kabisa, na wale waliougua wakapona. Linalofuata ni kuamua ni lini, na kwa njia gani, makundi hayo yataunganishwa tena. Wafugaji walio wengi hufanya uamuzi huo kwa macho tu. Kuku akianza kula, akasimama wima, akawika au akatetea, hufunguliwa siku ile ile akachakure pamoja na wenziwe. Baada ya wiki mbili maradhi huzuka upya, na lawama hupelekwa kwa upepo, kwa jirani, au kwa chanjo iliyodaiwa kuwa mbovu.

Somo hili linatazama jambo hilo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Wilaya hizo zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na kuwa wilaya kamili. Ziko katika nyanda za juu za kaskazini magharibi mwa Tanzania. Upande wa magharibi zimepakana na Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, na upande wa kaskazini Kyerwa imepakana na Uganda. Kwa mkaazi wa visiwani huko ni mbali. Hata hivyo kuku wa kule na kuku wa Unguja na Pemba hufugwa kwa mtindo mmoja: hufunguliwa alfajiri, hujitafutia mchana kutwa, na hurejea magharibi kulala. Maradhi yao pia ni yale yale, na makosa ya wafugaji ni yale yale.

Mji na kibanja

Nyumba ya Mnyambo kwa desturi imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba lenye kahawa na maharage ndani yake. Kibanja kimoja huishia kinapoanzia kingine, na mara nyingi mpaka ni mstari wa mimea tu ambao kuku hautambui. Kuku wa nyumba tatu au nne hukutana chini ya migomba ile ile, wakachakura matandazo yale yale na kunywa maji ya dimbwi moja. Kwa hiyo mtu anaposema "kundi langu", husema hivyo kwa haki ya umiliki. Kwa upande wa maradhi, kundi ni la kitongoji kizima. Jambo hili ndilo linaloufanya mpango wa kuwarudisha kuku waliopona uwe mgumu zaidi kuliko unavyoandikwa katika vitabu vya ufugaji wa mabanda ya kisasa, ambako kila banda lina mlango na ufunguo.

Zaidi ya hayo kuku husafiri. Husafirishwa katika matenga juu ya baiskeli na pikipiki kwenda kwenye magulio na katika miji midogo kama Omurushaka na Nkwenda, na wengine huvuka mpaka kwa njia ya Murongo. Huenda harusini, huenda msibani, huenda kama zawadi kwa mgeni aliyekuja kuwasalimu wakwe. Kuku aliyeponea chupuchupu kijiji hiki anaweza kulala kijiji cha tatu kesho yake.

Thamani yake haina haja ya maelezo marefu. Ng'ombe huuzwa kwa shida kubwa, lakini kuku huuzwa kwa shida ya leo: daftari, sare ya shule, dawa ya mtoto, mafuta ya taa. Mara nyingi mwenye kuku ni mama wa nyumba, na mitetea mitano ndiyo akiba yake yote. Anapobakiwa na koo mmoja aliyepona, yule yule anayejua kulalia na kulea, hamu ya kumfungua mapema inaeleweka kabisa. Ndiyo maana maagizo makavu ya kwamba kila kuku aliyeugua achinjwe hayafuatwi, na afisa anayeyatoa bila kueleza sababu hupoteza muda wake.

Kupona si kuacha kuambukiza

Jambo la msingi ni kwamba dalili za ugonjwa na uwezo wa kuambukiza ni vitu viwili mbalimbali. Kuku anaweza kuambukiza kabla hajaonesha dalili, na anaweza kuendelea kuambukiza baada ya dalili kwisha. Muda huo wa baadaye hutofautiana sana kutoka ugonjwa hadi ugonjwa: katika baadhi ya maradhi ni wiki chache, na katika mengine ni umri wote wa kuku. Basi swali la kwanza la mfugaji si kama kuku amepona, bali ni amepona nini.

Mdondo, ambao vitabu vingi huuita pia kideri, ndio unaoogopwa kuliko yote. Ulitambuliwa kitaalamu mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Husababishwa na kirusi, nao hauna dawa. Vidonge vya kuua bakteria, maji ya shubiri mwitu, pilipili na muarobaini haviui kirusi hicho, japokuwa mfugaji ambaye kuku wake wawili walinusurika huapa kwamba ni pilipili iliyowaponya. Kuku wasiochanjwa huweza kufa karibu wote katika muda wa siku chache, wakihara kinyesi cha kijani, wakipumua kwa shida, mbawa zimeanguka. Wachache wanaosalia hubaki na kinga nzuri. Baadhi yao pia hubaki na shingo iliyopinda au mguu unaoburuzwa, na kilema hicho si dalili kwamba bado wanaambukiza. Ni kovu la mishipa ya fahamu. Hata hivyo kwa wiki kadhaa baada ya nafuu, kinyesi na makamasi ya aliyepona huweza kuwa na kirusi. Huyu ni kuku anayeweza kurudi kundini, ila kwa subira.

Ndui ya kuku ni nyepesi zaidi kuamua. Vipele hutokea kwenye upanga, undu na kando ya macho, huwa magamba, na kwa kawaida hukauka na kudondoka katika wiki tatu au nne. Aliyepona hupata kinga ya kudumu. Hatari imo ndani ya magamba yenyewe, kwa kuwa kirusi cha ndui huweza kukaa miezi mingi katika gamba kavu lililoangukia sakafuni. Kuku arudi baada ya gamba la mwisho kudondoka na jeraha kufunga, na magamba pamoja na takataka za banda yachomwe moto. Mbu nao hueneza ndui, hivyo msimu wa mvua unataka uangalifu zaidi.

Tatizo kubwa lipo kwenye mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba, macho kuziba na makamasi yenye harufu mbaya. Hapa ndipo wafugaji wengi hudanganyika. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria, kwa hiyo dawa huufifisha. Kuku aliyekuwa kipofu jana hufumbua macho leo, na mwenyewe hufurahi. Lakini dawa huondoa dalili bila kuhakikisha kwamba bakteria wamekwisha. Kuku aliyepona mafua hayo huweza kubeba vijidudu puani kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote, na kuwaambukiza wenziwe wapya kila mara. Ajabu ni kwamba bakteria hao nje ya mwili wa kuku ni dhaifu sana, nao hufa katika siku chache tu. Kisima cha ugonjwa si banda, ni kuku mwenyewe. Kumwosha banda kila siku na kumrudisha mchukuzi wa vijidudu ndani yake ni kufanya kazi bure.

Homa ya matumbo ya kuku ni mbaya zaidi katika jambo moja: mtetea aliyepona huweza kupitisha bakteria katika yai, na vifaranga wakaanguliwa wakiwa wagonjwa. Mayai ya kuku huyo yasiatamiwe kamwe. Ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na mikoplazma nao hupita katika yai kwa namna hiyo hiyo.

Kwa maradhi haya matatu ya mwisho ushauri ni mmoja, ingawa haupendezi: waliopona wasichanganywe tena na kuku wazima. Ama waliwe nyumbani baada ya kwisha muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa waliyopewa, ama wawe kundi la peke yao, lisiloongezwa wapya, mpaka litakapokwisha. Wasipelekwe guliani. Kuuza kuku wa namna hiyo akiwa hai ni kumuuzia mwingine ugonjwa kwa bei ya kuku.

Limebaki onyo moja kabla ya kuendelea. Mwezi Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria. Endapo kuku wengi watakufa ghafla, vichwa vimevimba na undu zimegeuka rangi ya zambarau, mfugaji asifanye jaribio lolote la kutenga na kungoja. Macho hayawezi kuutofautisha ugonjwa huo na mdondo mkali. Vipimo vya maabara pekee ndivyo vinavyoweza. Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, wala isichunwe, na taarifa ifike kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa za maradhi ya aina hiyo.

Kuhesabu siku

Tuseme kaya moja ilikuwa na kuku ishirini, mdondo ukaua kumi na wawili, wanne wakaugua na kupona, na wanne hawakuonesha dalili yoyote. Wanne hawa wa mwisho hudhaniwa kuwa wazima. Inawezekana ni wazima, na inawezekana ugonjwa umejificha ndani yao, kwa maana mdondo huchukua kati ya siku 2 na 15 kabla ya kujitokeza, na kanuni za kimataifa za afya ya wanyama huuhesabia hadi siku 21. Kwa hiyo nao wasichukuliwe kuwa kundi salama mpaka siku hizo zimepita.

Siku huhesabiwa kutoka dalili ya mwisho ya kuku wa mwisho. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa kuwa kila kuku huhesabiwa siku zake mwenyewe. Ikiwa jogoo alipata nafuu tarehe 1 Juni na mtetea tarehe 10 Juni, na wote wamo katika chumba kimoja, basi wote wawili wamepona tarehe 10 Juni. Siku 21 baadaye ni tarehe 1 Julai. Mpaka tarehe hiyo waliopona hukaa pembeni, na anayewahudumia huanza kwa wazima na kumalizia kwao, akawa na chombo chao cha maji, ufagio wao na viatu vyao. Ndala ya plastiki iliyokanyaga kinyesi hubeba kirusi vizuri sana.

Nyumba nyingi hazina banda la pili. Hilo lisiwe kisingizio. Tenga kubwa lililoinuliwa juu ya mawe nyuma ya jiko, lenye paa la majani ya mgomba, linatosha kuku watatu kwa wiki tatu, maadamu halipo juu ya mteremko ambao maji yake hutiririkia wanapochakura wengine. Afadhali wafungiwe wachache waliopona kuliko kujaribu kuwafungia wote.

Baada ya tarehe 1 Julai bado hawajachanganywa. Huletwa kwanza kuku mlinzi. Huyu ni pora mmoja au wawili, wenye afya, ambao hawajachanjwa mdondo, watakaowekwa pamoja na waliopona kwa siku 21 nyingine, wakila na kunywa katika chombo kimoja. Lazima wawe hawajachanjwa, maana aliyechanjwa anaweza kukutana na kirusi asioneshe lolote, na hapo jaribio halitakuwa na maana. Walinzi wakifika tarehe 22 Julai wakiwa wazima, mfugaji ana ushahidi ambao macho yake pekee yasingempa. Wakiugua, amepoteza pora wawili na kuokoa kundi. Wapo wanaoona jambo hili ni ukatili; lakini bila hao wawili, jaribio lile lile hufanywa kwa kundi zima.

Wiki hizo sita zisipite bure. Matandazo ya banda yachomwe au yazikwe, kinyesi kilichogandamana kikwanguliwe, kuta na sakafu zioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kupakwa chokaa, kwa kuwa chokaa juu ya uchafu hufunika tu. Kirusi cha mdondo huuawa na jua na sabuni, lakini hudumu zaidi mahali penye kivuli, ubaridi na kinyesi; na nyanda za Karagwe, pamoja na vivuli vya migomba, ni mahali pa namna hiyo. Manyoya, matumbo na maji yaliyooshea kuku waliochinjwa wakati wa ugonjwa yafukiwe shimoni, mbali na mbwa. Bata wasisahauliwe, kwani huweza kubeba kirusi cha mdondo bila kuugua, nao huzunguka wakitazamwa kama wasiohusika.

Kuku wazima nao wachanjwe katika kipindi hicho, siku za kungoja zikiisha. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haimaanishi iachwe juani. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja asubuhi na kuchanganya jioni hakufai. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Akifa baada ya kuchanjwa, watu husema chanjo imemuua. Afisa anayechanja katikati ya mlipuko alieleze jambo hili kabla ya kufungua kichupa. Waliopona nao wachanjwe katika mzunguko unaofuata, maana kinga yao hupungua kadiri miezi inavyopita.

Jioni ya kuunganisha

Kuku wana vyeo. Kila kundi lina anayedonoa wote na anayedonolewa na wote, na kuku aliyekaa nje wiki sita hurudi bila cheo. Akitupwa mchana katikati ya wenziwe atapigwa mpaka atoke damu, na damu huwavuta wengine kuendelea kudonoa. Kuku dhaifu aliyetoka kuugua anaweza kufia hapo, naye mfugaji akadhani ugonjwa umerudi.

Kwa hiyo tenga la waliopona lisogezwe karibu na banda siku tano au saba kabla, mahali ambapo makundi mawili yanaonana bila kugusana. Siku yenyewe waingizwe baada ya jua kutua, wakati wengine wamekwisha panda vichagani na macho yao hayaoni vizuri. Waingizwe wote pamoja, si mmoja mmoja. Asubuhi wafunguliwe mapema, chakula kitawanywe mahali pana, na vyombo vya maji viwe viwili au zaidi, ili anayefukuzwa kwenye kimoja akimbilie kingine. Ugomvi wa siku tatu ni wa kawaida. Mwenye jeraha atolewe, apakwe dawa, arudishwe likifunga. Kuku mwenye shingo iliyopinda asirudishwe kwa jogoo mkali. Anaweza kuishi na vifaranga au na koo mpole, na akitaga, mayai yake huliwa kama mengine.

Kwa wiki mbili za mwanzo mwenye kuku awahesabu kila magharibi na kuchungulia kinyesi chini ya kichaga kila asubuhi. Kuku mmoja akikataa kula, makundi hutengwa tena siku hiyo.

Yote haya hayana nguvu ikiwa jirani wa kibanja cha pili amewafungua kuku wake wagonjwa. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ambao kwa visiwani kazi yao hiyo ingekuwa ya sheha, wanaweza kufanya jambo ambalo mfugaji mmoja hawezi: kutangaza siku moja ya chanjo kwa kitongoji chote, na kukubaliana kwamba hakuna kuku atakayeingia wala kutoka mpaka tarehe fulani. Tarehe hiyo iandikwe na ibandikwe mahali watu wanapopita, penye kivuli cha duka au mlangoni pa ofisi ya kijiji. Katika kaya ya mfano uliotolewa hapo juu tarehe ni 22 Julai, lakini jirani yake aliyepoteza kuku wa mwisho tarehe 25 Juni atamaliza siku zake tarehe 6 Agosti. Nayo hiyo ya 6 Agosti ndiyo ya kubandikwa kwa wote wawili. Walinzi wa kaya ya kwanza waendelee kubaki tengani mpaka siku hiyo, kisha wachanjwe pamoja na waliopona, na kuunganishwa baada ya wiki mbili.